Sumaku Inayojua Kuachia: Tunayoyaamini Kuhusu Chembe za Sumaku, na Yalivyo Kweli

Nje kidogo ya mji wa Busia, upande wetu wa Uganda, kuna mashimo ya dhahabu. Ukipita jioni utamkuta mama amechuchumaa kando ya beseni la maji ya tope, na chini ya beseni kumebaki konzi ya mchanga mweusi. Mkononi ana sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu, ameitia ndani ya kaveera, yaani mfuko wa nailoni. Anaipitisha juu ya mchanga, na chembe nyeusi zinairukia na kusimama wima kama miiba ya nungunungu. Anaisogeza pembeni, anaitoa sumaku ndani ya kaveera, na chembe zote zinaanguka kwa mpigo. Anairudisha sumaku, anaanza upya.

Nimekulia mji ule. Siku hizi nafanya kazi ya maabara Kampala, na mtaani kwangu wananiita musawo ingawa mimi si daktari, kwa hiyo maswali ya kila aina huletwa kwangu. Yanayohusu sumaku ni mengi ajabu, na nusu yake yametoka WhatsApp. Kila nikijibu naikumbuka kaveera ile.

"Sumaku huvuta dhahabu"

Mgeni akimtazama yule mama huondoka akiamini hivyo. Ni kinyume chake. Dhahabu haivutwi na sumaku, bali husukumwa nayo, tena kwa kiasi kidogo mno ambacho jicho haliwezi kukiona. Zile chembe nyeusi ni magnetiti, aina ya oksidi ya chuma. Zina uzito wa karibu mara mbili ya mchanga wa kawaida, ndiyo sababu maji yanapouchukua mchanga mwingine zenyewe hubaki chini pamoja na dhahabu. Mama anaitumia sumaku kuondoa asichokitaka. Akiuondoa mchanga huo vizuri, zebaki atakayohitaji baadaye kuinasa dhahabu ni kidogo, na hilo si dogo kwa mtu anayeichoma zebaki nyuma ya jiko lake. Wazoefu hawautupi ule mchanga mweusi papo hapo. Huusuuza kwanza kwenye beseni la pili, kwa sababu vipande vidogo vya dhahabu hunaswa katikati ya ile "miiba" na kuondoka nayo.

"Penye chuma, sumaku hunasa"

Hii nimeisikia hata kwa walimu. Chukua jiwe jekundu la Muko, kule Kigezi, ambako kuna madini ya chuma ya kiwango cha juu sana. Lishike: zito, linaacha rangi ya damu kidoleni. Weka sumaku ya kawaida. Hakuna kitu, au karibu na hakuna. Sasa nenda Tororo, kwenye vilima vya Sukulu, uchukue punje nyeusi kwenye udongo wa pale. Zinarukia sumaku kabla hujaigusisha.

Jiwe la Muko ni hematiti, ambayo kwa uzito ina chuma asilimia 70 hivi. Punje za Sukulu ni magnetiti, asilimia 72. Tofauti ya kiasi cha chuma ni ndogo. Kinachoamua ni namna atomi zilivyopangwa. Ndani ya hematiti kila atomi ya chuma inavuta upande wake na jirani yake anavuta upande wa pili, wanabatilishana. Ndani ya magnetiti nao wanapingana, lakini upande mmoja una wengi kuliko mwingine, na ziada hiyo ndiyo tunayoiona kama usumaku.

Udongo wetu mwekundu una yote mawili. Funga sumaku kwenye kamba, iburute juu ya barabara ya murram hatua ishirini, itarudi na ndevu. Sehemu ya hizo ndevu ni maghemiti, ndugu wa magnetiti, ambayo huweza kutokea moto wa nyika unapoiunguza kutu ya udongo pamoja na mizizi na majani makavu. Mkulima anayechoma shamba anatengeneza chembe za sumaku bila kujua.

"Hutengenezwa kwa kusaga sumaku"

Dhana hii ina ukweli wa zamani ndani yake. Mwaka 1963 Stephen Papell, mhandisi wa NASA nchini Marekani, alitafuta mafuta ya roketi yanayoweza kuvutwa kwa sumaku mahali ambapo hakuna chini wala juu. Alisaga magnetiti pamoja na mafuta kwa siku nyingi mpaka ikawa laini kiasi cha kuelea daima, kila punje imevikwa koti la mafuta. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kimiminika cha sumaku.

Lakini kusaga ni kazi ya punda, na punje hutoka kubwa kwa ndogo. Njia inayotumika zaidi leo inaanzia kwenye maji. Unayeyusha chumvi mbili za chuma: ile yenye chaji tatu sehemu mbili, na ile yenye chaji mbili sehemu moja. Maji yanakuwa na rangi ya machungwa yaliyoiva. Unakoroga, unamimina amonia. Mara ya kwanza kuiona chuoni nilidhani nimekosea, kwa sababu rangi haikubadilika polepole kama nilivyotarajia. Iligeuka nyeusi tititi mbele ya macho, kama mtu amemwaga wino. Ule weusi ni magnetiti, kila punje na upana wa nanomita 10 hivi. Ungehitaji kuzipanga maelfu kwa maelfu ili kukata upana wa unywele mmoja.

Kuzifanya ni sehemu rahisi. Hewa ikiingia zinaanza kugeuka kahawia, ndiyo maana wengi hupitisha nitrojeni ndani ya chombo. Zikiachwa uchi zinagandana mabonge na kuzama. Mfaransa René Massart alieleza mwaka 1981 jinsi ya kuzipa chaji ya umeme zisukumane zenyewe, zikaelea majini bila sabuni yoyote. Wengine huzivika asidi ya limau, wengine sukari ya dekstrani, wengine silika, ambayo ni kioo chembamba tu. Anayetaka punje zinazolingana kabisa huchemsha chumvi za chuma ndani ya mafuta yenye moto wa kama nyuzi 300. Bei inapanda, lakini unapata kitu kilicho sawasawa.

Shanga tunazotumia maabara ni hatua nyingine. Mkemia wa Norway, John Ugelstad, alifanikiwa miaka ya 1970 kutengeneza viduara vya plastiki vya ukubwa mmoja, kisha oksidi ya chuma ikapandwa ndani ya vitundu vyake. Shanga moja ya mikromita mbili au tatu hubeba zile punje ndogo kwa wingi mno.

"Iliyo kali zaidi ndiyo bora"

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na hapa ndipo kaveera ya Busia inaporudi.

Kunasa ni rahisi. Kipande chochote cha sumaku ya spika kinanasa. Shida ni kuachia. Ukisaga sumaku ya kudumu, kila punje inabaki sumaku, zinang'ang'aniana, na ukiondoa sumaku kubwa bado unalo bonge. Punje ya magnetiti iliyo chini ya nanomita 20 au 30 ina tabia nyingine. Ni ndogo mno hata joto la kawaida la chumba linatosha kuugeuza usumaku wake huku na huku. Ukileta sumaku, zote zinaelekea upande mmoja na kuvutwa kwa nguvu. Ukiiondoa, zinasahau. Hakuna kinachobaki, na zinatawanyika tena majini. Wanasayansi wanaiita hali ya superparamagneti, jina la kuvunja ulimi kwa jambo ambalo yule mama anafanya kwa mfuko wa nailoni.

Kazini kwangu ni hivi. Sampuli ya damu inafika kutoka wilayani, mara nyingi imesafiri mgongoni mwa dereva wa pikipiki. Tunaivunja kwa chumvi kali mpaka virusi vyote vimepasuka, tunaongeza shanga zenye koti la silika. Mchanganyiko unafanana na chai ya rangi iliyokolea. Ukiuweka kwenye kishikilio chenye sumaku, ndani ya dakika moja au mbili weusi wote unahamia ukutani mwa bomba, unabaki mstari wa kahawia na maji meupe. Unayafyonza maji, unaosha kwa spiriti, unaosha tena. Mwisho unatia maji safi, unaondoa sumaku, na RNA, ile chembe ya urithi ya kirusi, inaachia shanga. Mashine nyingi zinazopima wingi wa virusi vya Ukimwi hufanya hatua hizo zenyewe, bomba baada ya bomba.

Wenzangu wapya husema "sumaku imekamata kirusi." Haijakamata chochote cha kirusi. RNA imeshikwa na kile kioo, kwa sababu ya chumvi kali na spiriti. Sumaku imeshika shanga tu. Badilisha koti, uweke kingamwili badala ya silika, na shanga ile ile itakamata protini au seli nzima.

Makosa yake nayo ni ya kibinadamu. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kuchukua shanga kwenye chupa bila kuitikisa vizuri. Zilikuwa zimetuama chini, kwa hiyo mabomba ya kwanza yalipata maji matupu na ya mwisho yakapata uji. Siku nzima ya kazi ikarudiwa. Siku nyingine niliziacha zikakauka mno mpaka zikapasuka kama tope la kiangazi, na RNA ikagoma kutoka.

"Damu ina chuma, na chanjo ina sumaku"

Mwaka 2021 simu yangu ilijaa video za watu wamebandika sarafu begani, pale walipochanjwa korona. Dozi nyingi ni nusu mililita, na chanjo za korona hazikuwekwa chembe za sumaku. Hata zingewekwa, kiasi kile kisingeshikilia sarafu kupitia ngozi. Kilichoshika ni jasho na mafuta ya mwili. Nilimwambia jirani yangu apake poda ya mtoto kwanza. Sarafu ikaanguka, naye akanuna. Ila uvumi ule haukutoka hewani. Shanga za sumaku zilitumika sana wakati wa korona, ndani ya mabomba ya maabara, kwenye kile kilichotolewa puani.

Kuhusu damu, mtu mzima ana gramu tatu au nne za chuma mwilini, nyingi zikiwa ndani ya himoglobini. Kila atomi imefungiwa peke yake ndani ya protini, mbali na mwenzake, haziwezi kushirikiana kuwa sumaku. Linus Pauling na Charles Coryell walipima mwaka 1936 wakakuta himoglobini yenye oksijeni husukumwa kidogo na sumaku, na isiyo na oksijeni huvutwa kidogo. Ndiyo maana unaweza kulala ndani ya mashine ya MRI, ambayo ni sumaku kubwa, na damu yako ikaendelea na safari.

Mambo hubadilika kidogo ukiwa na malaria. Kimelea hula himoglobini, na ile sehemu yenye chuma ni sumu kwake, basi huifungasha kuwa fuwele za kahawia ziitwazo hemozoini. Fuwele hizo huvutwa na sumaku zaidi ya damu ya kawaida. Watafiti hupitisha damu kwenye safu ya nyuzi za chuma iliyowekwa ndani ya sumaku kali: chembechembe nzima zinapita, zile zenye vimelea vilivyokomaa zinabaki. Sumaku ikiondolewa, zinaoshwa na kukusanywa. Hapo hakuna shanga iliyoongezwa. Mbu na kimelea wametutengenezea chembe za sumaku bure.

Yaliyobaki ni ya haraka. Unga wa posho ukiacha vumbi jeusi kwenye sumaku, uwezekano mkubwa ni vyuma vya kinu vilivyolika, na kinu kizuri huwekewa sumaku kwenye njia ya unga. Lakini baadhi ya vyakula huongezwa chuma cha lishe kwa makusudi, na kama ni unga wa chuma halisi nao utanasa. Sumaku peke yake haiwezi kukuambia ni kipi. Dola kunaswa kidogo na sumaku si uthibitisho kwamba ni halali: wino mweusi wa noti ya Marekani una chembe za sumaku kweli, lakini tona ya printa nyingi za leza imejaa magnetiti vilevile. Ukitaka kuamini, gusa katriji ya zamani pale Nasser Road, mtaa wa wachapishaji hapa Kampala, kisha jaribu kusafisha vidole. Na wanaosema saratani sasa inaponywa kwa sumaku wamekimbilia mbele ya habari. Mwaka 2010 Ulaya iliruhusu kupasha moto uvimbe wa ubongo kwa chembe za sumaku zilizodungwa ndani yake, sambamba na mionzi. Kuvuta dawa kwa sumaku mpaka kwenye kiungo cha ndani bado ni vigumu, kwa sababu nguvu ya sumaku hufifia upesi kadiri unavyokwenda mbali nayo.

La mwisho nililetewa na fundi wa gereji, mtu mzima, ananiita mwanangu. Alisikia kwamba unga wa chuma huonyesha nyufa, akaunyunyizia kwenye kichwa cha injini huku ameweka sumaku. Haukuonyesha kitu, akakinunua kile kichwa. Nikamwambia, "Mzee, kile ni cha aluminiamu." Njia hiyo inafanya kazi kwenye chuma kinachoshika sumaku tu, kwa ufa ulio juu au karibu na juu, tena uwe umekatiza njia ya sumaku, siyo kufuatana nayo. Hapo usumaku unavuja kwenye ufa na unga unajipanga mstari. Ingekuwa krankishafti, angeuona. Kwa aluminiamu angerudi kwenye dawa yake ya zamani: mafuta ya taa, futa kavu, paka chaki, subiri mstari uloe.