Viputo ndani ya mishipa midogo ya damu: maswali kuhusu ultrasaundi ya kontrasti

Kwa nini ultrasaundi ya kawaida haitoshi?

Kwa sababu haioni damu iendayo polepole katika mishipa midogo. Ultrasaundi ya kontrasti, yaani kupiga picha kwa mawimbi ya sauti baada ya kudunga viputo vya gesi kwenye damu, huiona. Kapilari, mishipa myembamba kuliko yote, ina upana wa maikromita 5 hadi 10 tu (maikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Seli nyekundu za damu hupita humo moja moja. Kipimo cha Dopla, ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, huona vizuri mishipa mikubwa, lakini huko chini mwendo wa damu humezwa na mtikisiko wa nyama zinazoizunguka. Na huko ndiko magonjwa mengi hujionyesha mapema. Uvimbe wa saratani ukishapita milimita 1 au 2, hauwezi kuendelea kukua bila kujitengenezea mishipa mipya.

Dawa inayodungwa ni nini?

Ni viputo vya gesi nzito isiyoyeyuka upesi kwenye damu, kama salfa heksafloridi, vikiwa na ganda jembamba la mafuta au protini. Vingi vina upana wa maikromita 2 au 3, kwa hiyo hupita popote inapopita seli nyekundu. Mawimbi ya sauti yakivigonga, hutanuka na kusinyaa, vikarudisha mlio usiofanana na ule wa nyama, na mashine huuchuja huo peke yake.

Kuna jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: dawa za kawaida zinazodungwa kwa vipimo vingine vya picha, CT na MRI, huvuja kutoka kwenye mishipa zikaingia kwenye nyama, lakini viputo hubaki ndani. Kinachong'aa kwenye skrini ni damu yenyewe.

Daktari anatazama nini?

Anatazama saa pamoja na picha. Chukua uvimbe kwenye ini. Sekunde 10 hadi 20 baada ya sindano, viputo hufika kupitia ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Saratani iliyoanzia kwenye ini mara nyingi hung'aa hapo hapo kuliko ini linaloizunguka, kisha hufifia kidogo kidogo baada ya dakika moja kupita. Saratani iliyosambaa kutoka kiungo kingine hufifia mapema zaidi. Uvimbe wa mishipa ya damu usio na madhara, hemanjioma, huanza kung'aa pembeni kwa mabaka, halafu mwanga huingia ndani taratibu. Doa ni lile lile kwenye ultrasaundi ya kawaida. Mwendo wa damu ndio unaolitambulisha.

Mpimaji anaweza pia kupiga wimbi kali la kufumba na kufumbua na kupasua viputo vyote vilivyo mbele ya kifaa. Picha huwa giza. Kisha anapima jinsi viputo vipya vinavyorudi: vikirudi upesi, damu inapita vizuri, vikichelewa, kapilari zina shida. Njia hii hutumika kuchunguza msuli wa moyo na figo iliyopandikizwa. Kwenye ugonjwa wa Crohn, unaochoma na kuvimbisha utumbo kwa muda mrefu, wingi wa viputo katika ukuta wa utumbo husaidia kujua kama ugonjwa bado ni mkali.

Gesi kwenye damu si hatari?

Swali hili lina haki ya kuulizwa. Viputo hivi ni vidogo mno kuziba mshipa, na gesi yake hutoka kwa pumzi ndani ya dakika chache. Haitolewi mwilini na figo, ndiyo maana kipimo hiki huwafaa hata wenye figo dhaifu, na hakuna mionzi. Mzio mkali hutokea, ila ni nadra: takriban mtu 1 kati ya 10,000.

Kipimo hiki kina udhaifu gani?

Gesi ya tumboni na mafuta mengi mwilini huficha picha, na mengi hutegemea ujuzi wa mpimaji.

Watafiti wamefika wapi?

Mwaka 2015 watafiti walifuatilia kiputo kimoja kimoja katika ubongo wa panya hai, wakaunganisha njia zake kuwa ramani ya mishipa midogo kiasi cha maikromita 10. Kwa binadamu kazi hiyo bado ngumu, kwa sababu mgonjwa anapumua na kila pumzi husogeza picha.

Nimwambie nini daktari kabla ya kipimo?

Mzio wowote ulio nao, hasa wa poliethilini glikoli, kemikali iliyomo katika baadhi ya dawa hizi za viputo na pia katika baadhi ya dawa za kulainisha choo. Mwambie pia kama una ugonjwa wa moyo au mapafu. Baada ya sindano, usikimbilie kuondoka: kaa nusu saa ukiangaliwa.