Umeweka katriji mpya, printa inatoa karatasi nyeupe? Acha kwanza kubonyeza klini

Meseji ninazopata kuhusu printa za nyumbani nyingi zinafanana mpaka nishazikariri: "Fundi, nimeweka wino mpya jana ila haiprinti, nimeklini mara kumi bado tu." Hapo kwenye mara kumi ndo huwa nashika kichwa, maana klini, ile amri ya printa kujisafisha, haisuuzi na maji, inasuuza na wino wako huohuo uliotoka kuununua, unavutwa kupitia hedi, kile kichwa kinachorusha wino kwenye karatasi, unaenda kumwagwa kwenye sponji iliyoko chini ndani ya mashine. Na sponji hiyo nayo ina hesabu yake, printa ikiona klini zimezidi inakwambia imejaa na inagoma kabisa.

Sasa fikiria kidogo. Printa iliyokuwa inaprinti fresh mpaka wino ulipoisha, leo umebadilisha katriji imegoma. Kuziba kwa kawaida ni ugonjwa wa printa iliyokaa wiki na wiki bila kuguswa, wino ukakaukia kwenye nozeli, vile vitundu vya hedi vinavyotoa wino. Hii ya kwako ilikuwa kazini juzi tu, kwa hiyo mimi kabla ya kuwaza kuziba nawaza hewa. Ama katriji haipati hewa, ama hewa imeingia pasipotakiwa.

Ya kwanza: katriji ina tundu dogo la kupumulia ili wino ukitoka hewa iingie kuchukua nafasi. Chukua mrija uliojaa maji, uzibe juu kwa kidole, maji hayadondoki, si ndiyo? Basi ndo hivyohivyo. Juzi kaniletea mtu printa anaapa kabandua kila kitu kama maelekezo yalivyosema, nikaichomoa katriji nikaigeuzageuza kwenye mwanga, nikaona kipande cha tepu ya njano saizi ya ukucha wa kidole cha mwisho, kilikatika wakati anavuta kikabaki palepale juu ya tundu. Dalili yake alishaniambia mwenyewe bila kujua: mistari ya juu inatoka vizuri, inafifia, inapotea, ukiiacha ikapumzika inarudi kidogo tena. Ukiona hivyo usitafute mchawi, tafuta tepu. Nilikibandua kwa kibanio, klini moja, ikaprinti. Skrubu hata moja sikugusa.

Kabla ya kwenda kwenye hewa ya aina ya pili geuza katriji yako uangalie. Kama chini ina kibati kidogo kinachong'aa na ubavuni kuna vidoti vya shaba, hedi imo kwenye katriji yenyewe, HP na Canon nyingi za nyumbani ziko hivyo. Kama ni kiboksi cha plastiki tu chenye chipu ndogo, hedi imebaki ndani ya printa, hizo ni Epson na Brother na baadhi ya Canon.

Yenye hedi ndo rahisi. Loweka tishu kwa maji ya uvuguvugu, ikamue, bonyeza kile kibati juu yake dakika moja hivi bila kusugua. Ukiinua, katriji ya rangi inatakiwa iache mistari mitatu, bluu, waridi na njano, ya nyeusi inaacha mmoja. Mstari ukikosekana hata baada ya kurudia mara mbili, katriji ndo mbovu, irudishe ulikoinunua na uache kuisumbua mashine. Vile vidoti vya shaba usivishike kwa vidole, mafuta ya ngozi yanatosha kabisa kukuletea ujumbe kwamba katriji haitambuliki. Ukishavishika, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, iache ikauke, rudisha mpaka usikie "kla". Nusu ya "haitambuliki" ninazoziona ni katriji ambayo haikusukumwa mpaka mwisho.

Ya kiboksi ndo inahitaji subira, na subira ndo watu hawana. Ukichomoa ya zamani ukaacha pakavu wakati unaitafuta mpya kwenye droo, hewa inaingia kwenye njia ya wino. Printi ukurasa wa kukagua nozeli, upo kwenye menyu ya printa. Ukiona mapengo fanya klini moja, kagua tena. Mapengo yakipungua au yakihama sehemu, hiyo ni hewa inatembea. Klini ya pili, kagua, halafu zima nenda kalale. Saa sita au zaidi. Siongei utani, viputo vinapanda vyenyewe na asubuhi unakuta imejirekebisha. Mapengo yakibaki palepale bila kusogea hata milimita, hapo sasa nakubali neno kuziba.

Kuhusu katriji ya kujaziwa kuonyesha tupu wakati ukiitikisa inacheza: kwa nyingi kiwango cha wino hakipimwi, kinahesabiwa kwa matone yaliyorushwa, kwa hiyo chipu haijui kama umejaza. Kwenye Canon PIXMA nyingi unashikilia kitufe cha kusimamisha sekunde 5 au zaidi inakubali kuendelea, ila kuanzia hapo kuangalia wino ni juu yako, na usiiache iprinti kavu, maana hedi zinazorusha wino kwa kuuchemsha zinapozwa na wino huohuo, ukiisha zinaungua.

Herufi zikitoka na kivuli kama zimeandikwa mara mbili, fanya alaimenti tu, yaani kuipanga hedi sawa, basi. Na kama ukurasa wa majaribio wa printa yenyewe unatoka safi ila ukituma kutoka kwenye kompyuta ni balaa, achana na wino kabisa, kaangalie foleni ya kuprinti na draiva, ile programu ya kompyuta inayoongea na printa.

Halafu hili la kuzimia ukutani. Zima kwa kitufe cha printa, subiri ile milio iishe, ndo uchomoe. Milio ile ni hedi inarudi kwenye maegesho yake ifunikwe na kile kifuniko cha mpira, ukikata umeme katikati inalala wazi, wiki ijayo unanitafuta tena na safari hiyo imeziba kweli.