Kuasili mtoto hakuleti mimba

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: wenzi waliokosa mtoto wakiasili mmoja, mawazo yanatulia na mimba inaingia. Si kweli. Tafiti zimewalinganisha wenzi wenye tatizo la uzazi, walioasili na wasioasili, na hazikuona kwamba kuasili kunaongeza uwezekano wa kushika mimba. Baadhi hushika hata bila matibabu, wawe wameasili au la.

Kinachotuchanganya ni masimulizi. Aliyeasili kisha akajifungua husimuliwa mtaa mzima. Walioasili wasijifungue, ambao ndio wengi, nani anawataja? Ukitaka kuhakiki, muulize aliyeutuma ujumbe idadi ya hao.

Ukikufikia tena, uishie kwako. Anayetafuta mtoto amwone daktari, na wapimwe wote wawili, si mke peke yake.