Bunduki ya mbogo ya kuundiwa: yanayosemwa na yalivyo

Mtu akisema kaundiwa bunduki ya kuwindia mbogo au tembo, wengi wanawaza limtutu la kutisha na kitako cha mbao kinachong'aa, wakati hela ikitumika vizuri inaishia pale usipopaona, ndani kwenye bolti (kile chuma unachosukuma kuingiza risasi na kukivuta kutoa ganda) na magazini (kisanduku kinachoshika risasi).

Dhana inayoongoza ni kwamba risasi ikiwa nene zaidi mnyama anaanguka haraka zaidi. Hapana. Risasi ya .375 H&H (hizo namba ni unene wa risasi kwa inchi) ipo tangu 1912, kichwa chake gramu 19 na ushee, na mpaka leo wawindaji bingwa wengi, wale wanaoongoza wageni porini, wanamshauri mgeni aje nayo kwa sababu anaweza kuipiga bila kufumba macho. .458 Lott inatupa gramu 32 na inalipiga bega kwelikweli, sasa mtu akishafyatua mbili tatu kambini anaanza kukunja uso kabla hata hajavuta traiga, halafu kesho yake mbogo anapigwa tumboni, anazama kichakani, na kumfuata humo inakuwa kazi ya bingwa na wasaka nyayo.

Wengine wanakuja na upande wa pili, eti mbona Bell, yule mwindaji wa tembo wa zamani, aliua tembo kibao kule Karamoja, Uganda, kwa kibunduki cha milimita 7? Ni kweli aliua, ila alitumia risasi ngumu zisizopasuka, na aliujua ubongo wa tembo ulipo akimtazama kutoka pembe yoyote. Wewe unaujua? Na Tanzania ya leo kwa wanyama hatari kuanzia .375 ndo ruhusa.

Halafu kuna hii ya "tafuta Mauser kuukuu ya jeshi, badilisha mtutu, umemaliza". Mauser 98, bunduki ya jeshi ya Kijerumani, ni mashine nzuri sana, sibishi, lakini ilitengenezewa risasi ya urefu wa milimita 82 na ya .375 H&H ina kama 91, kwa hiyo ili iingie inabidi chuma kikatwe karibu kabisa na pale meno ya bolti yanapojifungia, yaani unapunguza nguvu palepale panapobeba mshindo wote. Ndo maana zipo Mauser ndefu zilizoundwa maalumu, na bei yake ni ya kukaa chini kwanza.

Sifa ya Mauser ni ile kucha kubwa inayodaka risasi ikitoka tu magazini. Watu wanasema faida yake ni kulisha risasi hata ukiigeuza bunduki juu chini, wakati bolti nyingi za kawaida zinaweza hilo pia. Faida yenyewe ni mtu akipaniki: akisukuma bolti nusu akairudisha, kucha inaitoa ileile risasi, haiiachi chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) halafu ya pili ikaja kuigonga kisogoni. Ila kucha peke yake haitoshi. Fundi mzuri anakaa na risasi za majaribio zisizo na baruti, za pua butu na za pua ya mviringo, anasukuma polepole, kisha kwa kasi, kisha bunduki imelazwa ubavu, anasaga kingo za magazini kidogo kidogo kwa sababu chuma ukishakizidisha kukitoa hakirudi. Kazi hiyo inachosha na haionekani kwenye picha, ila mimi bila hiyo silipi hata senti.

Eti nyepesi ndo nzuri, utatembea siku nzima? .458 ya kilo tatu na nusu utaichukia mwenyewe, kilo nne na nusu ndo inabebeka na kupigika. Eti lazima ipige tundu juu ya tundu mita 200? Mbogo anapigwa mita 50 au 80, bora darubini ya kukuza kidogo isiyokupasua nyusi. Kile kidude cha mdomoni mwa mtutu cha kupunguza teke kweli kinapunguza, ila muulize msaka nyayo aliyesimama pembeni masikio yake yakoje.

Na wale wanaotaka risasi ya kwao peke yao, ya kubuni, wakumbuke mashirika mengi ya ndege yanaruhusu kilo 5 tu za risasi, kwenye mzigo. Mzigo ukipotea, mwenye .375 anaazima pakiti kambini asubuhi hiyohiyo, wewe unaazima bunduki.