Mthamini keshapita, sasa wewe umekagua nini?

Mie hili nshalisikia mpaka nimechoka. Mtu anataka kununua nyumba ya serikali Mji Mkongwe wa Zanzibar, namwambia twende tukaikague kwanza, ananambia "ah, ya serikali ile, mthamini keshapita na ripoti ipo". Sasa mthamini alikuja kutafuta bei. Kapima ukubwa, kaangalia mtaa, kalinganisha na nyumba nyengine, kaandika thamani, kaondoka zake. Hakupanda kwenye paa, hakugonga boriti hata moja, wala si kazi aliyotumwa. Na nyumba kuwa mikononi mwa serikali tangu baada ya Mapinduzi haina maana ilikuwa ikitunzwa. Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la Forodhani, ilikuwa ya nani? Ya serikali, makumbusho kabisa, na Desemba 25, 2020 upande mmoja ukaporomoka huku mafundi wamo ndani wanaikarabati, watu wawili wakafa. Halafu unanambia ripoti ya bei inatosha!

Ukitaka kukagua kweli anza na boriti. Dari za nyumba hizi ni boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa, uzito si wa mchezo, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi ndo maana vyumba vyembamba. Ukiitazama katikati utaiona nzima kabisa, kumbe kichwa chake kilichoingia ukutani kishaoza kwa maji au kishaliwa na mchwa. Hapo hapo ukutani ndo pa kuchoma na bisibisi, ikizama kama kwenye mkate wa boflo, ujue ya kutolewa hiyo. Kisha uliza juu yake kuna nini, mara nyingi utakuta choo kilichoongezwa ghorofani na bomba linavuja pole pole miaka yote hiyo na hakuna aliyejali.

Na msinambie kuta nene. Nene ndio, lakini ni mawe ya matumbawe na chokaa, zikiingia maji nguvu zinapungua. Tena wanaoniudhi zaidi ni hawa wanaofurahi "imepigwa plasta mpya ya saruji". Jamani saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi inakusanyika, jiwe linamong'onyoka nyuma ya plasta na wewe huoni kitu, unaona rangi nyeupe tu. Ukuta wa chokaa unatakiwa chokaa. Mie nikikuta plasta mpya na rangi mpya kwenye nyumba inayouzwa ndo kwanza naanza kushuku, nagonga kote, pakitoa mlio wa uwazi nabandua.

Mengine nayapita haraka. Eti ukishanunua utatengeneza utakavyo, hapana, Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000, hata dirisha unaanzia kibali kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Eti umenunua na ardhi, hapana pia, ardhi ya Zanzibar ni ya serikali, wewe unapata haki ya matumizi kwa Sheria ya 1992. Na si kila nyumba kongwe ni ya serikali, nyengine ni wakfu, kaulize Kamisheni ya Wakfu kabla hujatoa hata shilingi.

Wanaonunua fleti kwenye yale maghorofa ya zege ya Michenzani nao wanasema zege halina la kukagua. Hewa ya chumvi inaingia, nondo inashika kutu, inavimba, zege linapasuka na kudondoka vipande, angalia chini ya veranda utaona mwenyewe. Halafu usikague fleti yako tu, panda mpaka juu kabisa, paa na ngazi ni za wote na likivuja la wote litakufikia.

Na wakati wa kwenda ni masika, baada ya mvua kubwa, si Januari kaskazi inavuma kila kitu kikavu mnasema nyumba nzuri. Kama muuzaji ana haraka chukua mpira wa maji, lowesha paa la bati nusu saa, kisha shuka utazame dari. Wauzaji hawapendi kabisa, shauri yao.