Kwa nini jasusi wa The Prisoner analindwa na puto?

Mtu akiangalia The Prisoner kwa mara ya kwanza, kicheko huwa kinamtoka pale mfungwa anapokimbilia ufukweni, halafu linaibuka puto jeupe linanguruma, linamfunika uso mpaka anazimia. Puto jamani! Hamna mbwa, hamna bunduki.

Stori yenyewe iko hivi. Ni tamthilia ya Uingereza ya 1967, episodi 17 basi. Steringi ni Patrick McGoohan, ambaye kabla ya hapo alishakuwa staa wa Danger Man, ya kijasusi pia ila ile ya kawaida. Humu ni jasusi anayeingia ofisini kwa bosi na hasira zake, anapiga meza, anaacha kazi, anarudi kwake London kupaki begi, kumbe gari la kubebea maiti linamfuata nyuma, wanapuliza gesi kwenye tundu la ufunguo, anazinduka yuko chumbani kwake vilevile lakini akichungulia dirishani sio London tena, ni Kijiji. Pazuri balaa, maua, bendi inapiga, na hakuna mwenye jina. Yeye ni Namba Sita. Wanamuuliza kitu kimoja tu, kwa nini uliacha kazi? Hasemi ng'o.

(Kijiji chenyewe kipo kweli, kinaitwa Portmeirion, kule Wales, mbunifu Clough Williams-Ellis alianza kukijenga 1925, na hata leo ukitaka unalala hotelini pale.)

Sasa puto. Mwanzoni mlinzi alitakiwa awe mtambo wa magurudumu, upite nchi kavu na majini. Wakauunda, ukagoma kwenye maji, ikabidi watumie puto la watu wa hali ya hewa. Na mimi nasema afadhali uligoma, maana ule mtambo ungekuwa gari tu, ila puto halina macho wala dereva, huwezi kulibembeleza wala kulihonga, hujui hata nani kalituma.

Tamthilia nzima iko hivyohivyo, adui hana sura. Bosi wa Kijiji anaitwa Namba Mbili na karibu kila episodi ni mtu mwingine, leo mzee mcheshi, kesho mama mmoja mpole, ukianza kumzoea kashaondoka. Wafungwa na wanaowalinda wanavaa sare moja, sasa hapo utamjuaje nani ni nani? Ndio maana mgeni anaona chenga. Ushauri wangu, usikae ukisubiri uambiwe mwenye Kijiji ni nani, angalia tu jamaa anavyogoma. Na mpangilio wa episodi usikuumize kichwa, mashabiki wenyewe hawajakubaliana mpaka leo.

Mwaka 2009 wakairudia upya, wakaenda kupiga picha Swakopmund, Namibia, na puto nalo likarudi.

Kama hutaki kujua mwisho ishia hapa. Episodi ya mwisho ya 1968 Namba Sita anamfikia Namba Moja, yaani mwenye Kijiji mwenyewe, anamvua kinyago, chini yake kinyago cha nyani, anavua na hicho, anakuta sura yake mwenyewe! Watazamaji Uingereza walikasirika hao, wakapiga simu kituoni kulalamika. Halafu wengi wanapitwa na kile kidogo cha baadaye, jamaa katoroka, karudi London, na mlango wa nyumba yake unajifungua wenyewe, kwa ule mlio wa milango ya Kijijini.