Fundi wa elektroniki: yanayosemwa mtaani na yaliyopo mezani

"Vitu vya siku hizi havitengenezeki, mafundi watakufa njaa."

Hii ndiyo kauli inayowatia hofu kuliko zote wazazi wa kijana anayetaka ufundi huu, na kweli kidogo imo: redio ya bei poa ikifa, wengi hutupa. Lakini maneno hayohayo yalisemwa Desemba 2012, matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam. TV za chogo zikaondoka taratibu, vikaja ving'amuzi, zikaja TV bapa, na zote zinaharibika.

Chukua ugonjwa unaojulikana kila kibanda: sauti ipo, picha hakuna. Mwenye TV ameshaambiwa kioo kimekufa, akanunue nyingine. Fundi anazima taa, anamulika tochi kwenye kioo kwa pembeni, na msomaji wa habari anaonekana kwa mbali, kafifia. Basi kioo ni kizima. Kilichokufa ni taa ndogo za LED zilizo nyuma yake. Zimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo ikikatika moja, mstari mzima unazima. Hapo kazi ni kutoa kioo bila kukipasua, kupima taa moja moja, kisha kufunga nyingine zenye volti ileile. Mwenye kujua kupima hivi hana cha kuogopa. Wa kuogopa ni yule anayebadilisha spea kwa kubahatisha mpaka kitu kiwake, maana bodi za sasa hazimvumilii.

Na TV ni kona moja tu. Inveta na kontrola za sola ziko mpaka vijijini, mashine za kufulia zina bodi, hospitali zimejaa vifaa vinavyohitaji fundi. Pale DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kuna stashahada ya vifaa tiba, na nashangaa vijana wengi wanaopenda elektroniki huishia kuwaza simu tu.

"Ni kazi ya waliofeli."

Mpe anayesema hivyo mchoro wa saketi ya pawa saplai, sehemu inayolisha kifaa umeme, akuoneshe volti inapopotelea.

"Aliyejifunzia kibandani hapati cheti."

Anapata. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza kwa bwana wake anapimwa kwa kazi anayoijua, anapewa mafunzo pale alipopungukiwa, na akifaulu anatunukiwa cheti. Kibandani mteja hakiulizi, lakini ukiomba kazi kampuni ya mawasiliano au hospitali, kitaulizwa kabla ya mikono yako.

"Dakika 5 tu, shilingi 20,000? Wizi huo."

Mteja ameona dakika za kupiga solda. Hakuona kodi ya fremu, spea iliyonunuliwa ikakutwa mbovu, wala kazi ya jana iliyoshindikana ikarudishwa bila malipo. Wababaishaji wapo, wanaotoa kioo kizima na kurudisha cha kubomoa. Fundi asiye na cha kuficha atakukabidhi spea mbovu iliyotolewa. Idai.

"Ukichomoa plagi, umeme umekwisha."

Imani hii ni ya hatari, na wanagenzi huja nayo. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa kuwa wa mkondo mmoja ndani ya pawa saplai, kapasita kubwa, kile kifaa kinachotunza chaji, hubeba volti zipatazo 325, na inaweza kubaki nazo baada ya waya kuchomolewa. Pima kwanza kwa mita. Ikiwa bado ina chaji, imalize kwa rezista au balbu. Kuigusanisha miguu kwa bisibisi kunarusha cheche na kunaweza kuua sehemu nyingine za bodi.

"Moshi wa madini ya risasi yaliyo kwenye solda ndio unaoua, kunywa maziwa."

Maziwa yanaenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni, havikutani. Tena moshi ule si wa risasi. Solda ya kawaida inayeyuka chini kidogo ya nyuzi 190, na joto la pasi ya kuchomea, nyuzi 350 hivi, halitoshi kugeuza risasi kuwa mvuke. Unaopanda ni wa flaksi, dawa inayosaidia solda kushika, na huo nao si wa kuchezea, kwa sababu ukiuvuta mwaka hadi mwaka unaweza kukuletea pumu. Kibanda kiwe na dirisha, feni iuvute moshi pembeni, na uso usiinamie pasi.

Risasi yenyewe hupita kwenye vidole. Fundi ameshika waya wa solda asubuhi nzima, chapati ikaja, akaimega palepale juu ya meza. Sabuni na maji kabla ya kula ni kinga kubwa kuliko pakiti zote za maziwa.

"Asiye na mwajiri hana pensheni."

NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hupokea wachangiaji wa hiari, fundi wa kibandani akiwemo. Ugumu ni kutoa mchango mwezi ambao wateja wamechukua kazi zao kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi.